Mkulima na Wadudu Wake: Nondo Mweupe wa Majani ya Mibuni

Wasomaji wetu mlio wakulima, na hasa ninyi wa upande wa Murera, kati ya Ruiru na Thika, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya mdudu mdogo sana. Wengi wenu mmekwisha kuiona kazi yake, lakini ni wachache waliopata kumtazama mwenyewe. Ni nondo, na rangi yake ni nyeupe yenye mng'ao wa fedha. Akitulia juu ya jani hali amefunga mabawa, urefu wake ni kama milimita 3 tu, yaani hafiki nusu ya punje ya mchele mrefu. Mtu apitaye katika safu za mibuni wakati wa jioni aweza kumdhania kuwa ni chembe ya jivu iliyopeperushwa na upepo kutoka jikoni. Walakini mdudu huyu ni miongoni mwa maadui wa kahawa wajulikanao sana katika Afrika ya Mashariki, na jambo moja juu yake lapasa kufahamiwa na kila mwenye shamba: kabla ya kumpiga vita, hapana budi kwanza kumjua ni nani.

Pengine msomaji atasema, "Nondo ni nondo. Mwizi akiingia nyumbani mwangu usiku simwulizi jina lake. Napiga kelele, nachukua rungu." Maneno hayo yana nguvu, lakini tumjibu hivi: wako wezi waingiao mlangoni, na wako waingiao darini. Mwenye nyumba asiyejua ni yupi aliyemwibia ataweka kufuli kubwa mlangoni, na huku paa li wazi. Ndivyo ilivyo kwa nondo wa mibuni. Hayuko mmoja, wako zaidi ya mmoja, nao wafanana kama mapacha, na kila mmoja ana desturi zake.

Tuanze na dalili zake shambani. Chukua jani la mbuni lenye baka la kahawia upande wa juu, kama kwamba limeunguzwa kwa kijinga cha moto. Likunje jani hilo polepole mahali penye baka. Ikiwa ni kazi ya nondo wetu, ngozi ya juu ya jani itainuka na kupasuka kama karatasi, na ndani utaona viwavi wadogo weupe, pamoja na mavi yao meusi kama unga wa baruti. Hao ndio wachimbaji. Hula nyama ya jani katikati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, wala hawatoki nje mpaka wamekwisha kukua. Lakini ukiligeuza jani ukaona upande wa chini una unga wa rangi ya machungwa, ambao hushika kidoleni, huyo si mdudu. Hiyo ni kutu ya majani, ugonjwa uletwao na kuvu, na dawa yake ni nyingine kabisa. Mtu asiyekunja jani wala kuligeuza aweza kutumia fedha zake zote kununua dawa ya wadudu kwa ajili ya kutu, au dawa ya kutu kwa ajili ya wadudu, na mwisho wa mwaka akabaki na majani machache na deni kubwa.

Sasa tutazame maisha ya nondo mwenyewe. Mchana hujificha chini ya majani, na giza likianza kuingia huruka. Jike hutaga mayai yake upande wa juu wa jani. Mayai hayo ni madogo sana, lakini mwenye macho mazuri aweza kuyaona bila kioo. Baada ya juma moja au mawili yai huanguliwa, na kiwavi huingia moja kwa moja ndani ya jani, akaanza kuchimba. Viwavi kadha wa kadha waweza kuanza mbalimbali katika jani moja, kisha mashimo yao yakakutana na kuwa baka moja kubwa. Akiisha kushiba na kukua, kiwavi hutoboa ngozi ya jani, akatoka nje, akajiteremsha kwa uzi mwembamba wa hariri kama buibui. Hutafuta upande wa chini wa jani jingine, au jani lililokauka ardhini, na hapo hujifumia kifuko cheupe. Nyuzi zilizokifunika kifuko hicho zimetengenezwa mfano wa herufi H, na alama hiyo yatosha kumtambulisha hata kwa mtoto wa shule. Baada ya juma moja au mawili tena, nondo mpya hutoka, na kazi huanza upya. Kukiwa na joto mambo haya yote huenda upesi. Kukiwa na baridi hukawia.

Hasara yake ni nini? Jani ndilo jiko la mti. Jani lililochimbwa sana hukauka sehemu kubwa, kisha huanguka kabla ya wakati wake. Mti uliopoteza majani mengi huku una matunda mengi hauwezi kuyalisha yote. Buni huwa nyepesi, na matawi huanza kufa kutoka nchani. Mkulima hulipwa kwa uzito na kwa ubora, na nondo wa milimita 3 hupunguza vyote viwili.

Tukija sasa kwa jina lake, kisa chake ni kirefu, nacho chafunza. Mnamo 1842, mtaalamu Mfaransa Guérin-Méneville alimweleza nondo mdogo mweupe aliyekuwa akiharibu mibuni katika visiwa vya Antilles, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki. Jina la aina yake likawa coffeella, yaani wa kahawa, na ukoo wake huitwa Leucoptera, neno lililotoka katika Kiyunani, maana yake "mabawa meupe." Baadaye nondo mweupe alipoonekana katika mibuni ya Afrika, akiwa na ukubwa uleule, na mabawa ya rangi ileile, na akichimba majani vilevile, wataalamu wengi walisema, "Ni yuleyule wa Marekani." Kwa muda wa miaka mingi vitabu na taarifa za kilimo zilimwita kwa jina hilo la ugenini.

Wala si ajabu kwamba walidanganyika. Ukimweka nondo huyu chini ya kioo cha kukuzia, utaona kwamba nchani mwa bawa la mbele ana mapambo mazuri: vistari vya njano, vistari vyembamba vyenye weusi katika pindo, na doa dogo lenye mng'ao kama risasi. Lakini mapambo hayo hufanana mno kutoka aina hii mpaka aina ile, kama kanga mbili zilizochapwa kwa nakshi moja. Hata jicho la mtu aliyezoea laweza kukosa. Ili kuwatenganisha kwa hakika, mtaalamu hulazimika kutazama kwa hadubini viungo vya uzazi vya nondo, ambavyo umbo lake hutofautiana kwa kila aina. Ni kazi ya saburi nyingi, kwa kuwa mwili wote wa mdudu ni mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti.

Mwaka wa 1940 ulileta mwanga. Katika mwaka huo huo Washbourn alieleza aina moja ya Afrika na kuiita Leucoptera caffeina. Na Ghesquière, mtaalamu Mbelgiji, akaeleza nyingine na kuiita Leucoptera meyricki. Jina hilo la pili ni la Edward Meyrick, aliyefariki 1938, mwalimu wa shule huko Uingereza, ambaye katika maisha yake aliwapa majina maelfu ya nondo wadogo wa pande zote za dunia. Mnamo 1948 na 1956 Notley alitoa maandishi mawili marefu juu ya nondo hawa wa mibuni katika mlima wa Kilimanjaro. Kisha mwaka wa 1958 Bradley, aliyefanya kazi London, aliandika juu ya majina ya nondo hao, akaonyesha tofauti iliyoko kati ya meyricki wa Afrika na coffeella wa Marekani. Basi tangu 1842 mpaka 1958 ni miaka 116, na ndipo nondo wetu alipopewa haki yake ya kuitwa kwa jina lake mwenyewe.

Ramani nayo ikabadilika pamoja na majina. Coffeella ni wa Marekani ya Kusini na ya Kati na visiwa vya Karibi. Huko Brazili ni adui mkubwa mno wa kahawa. Meyricki ni wa Afrika: ameonekana Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Kongo, na hata Angola na Côte d'Ivoire. Caffeina naye ni wa Afrika, na katika Kenya, Uganda, Tanzania, Kongo na Angola huweza kuishi nchi moja na ndugu yake. Kwa hiyo mkulima asomaye mashauri yaliyoandikwa kwa ajili ya mibuni ya Brazili asiyachukue yote kama yalivyo na kuyapeleka Murera. Adui aliyeandikiwa huko siye huyu aliye katika jani lake.

Je, mkulima asiye na hadubini afanye nini? Asikate tamaa, nondo wenyewe wamempa alama mbili za kuwatambua, wala hazihitaji fedha.

Alama ya kwanza ni mayai. Meyricki hutaga mayai yake kwa kuyatawanya juu ya jani. Huwa katika vikundi vidogo, lakini yai haligusi yai. Caffeina hutaga kwa nidhamu kama askari wa gwaride: mayai yake hukaa katika safu, yakigusana, kandokando ya mshipa mkubwa wa jani.

Alama ya pili ni kivuli. Meyricki hupenda mibuni iliyo katika jua, na caffeina hupenda zaidi mibuni iliyo chini ya miti ya kivuli. Mashamba ya Ruiru na Thika yako katika nchi ya mita 1,500 hadi 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na mibuni yake kwa desturi hupandwa bila miti mingi ya kivuli. Kwa hiyo anayetazamiwa zaidi huku ni meyricki. Lakini kutazamiwa si kuonekana. Mwenye shamba lililo chini ya migrevilea na atazame mayai kabla ya kusema neno.

Tukisema hivyo, tukumbuke kwamba wana wa Murera hawako mbali na elimu ya jambo hili. Mnamo 1944 shamba la Jacaranda, karibu na Ruiru, lilinunuliwa kwa ajili ya utafiti wa kahawa, na kituo hicho kimeendelea hata leo kikiwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, chini ya shirika la KALRO. Hapo ndipo ulipopatikana mbuni uitwao Ruiru 11, uliotolewa kwa wakulima mwaka 1985, na baadaye Batian, mwaka 2010. Miti hiyo ilizalishwa ili ishindane na chulebuni na kutu ya majani. Mtu asidhani kwamba kwa kuipanda amekwisha kumfukuza na nondo.

Sasa twafika penye moyo wa maneno yetu. Nondo huyu ana maadui wake. Wako nyigu wadogo sana, wadogo kuliko yeye mwenyewe, ambao humtafuta kiwavi ndani ya jani, wakataga mayai juu yake au ndani yake. Mtoto wa nyigu humla kiwavi, na badala ya nondo hutoka nyigu mwingine. Nyigu hao hawamwumi mtu, wala hawaharibu mbuni. Ni vibarua wasiodai mshahara. Mwaka wa 1964 mtaalamu Bess alitangaza hesabu alizozifanya hapa Kenya, akilinganisha idadi ya Leucoptera meyricki na vimelea wake katika mibuni iliyonyunyiziwa dawa na ile isiyonyunyiziwa. Aliona kwamba swali la dawa haliwezi kutengwa na swali la nyigu, nasi twapaswa kuona hivyo hivyo.

Fikirini wenyewe. Mkulima aona mabaka ya kahawia, achukua bomba, anyunyiza sumu kali shamba zima. Wakati huo viwavi wako ndani ya jani, wamefunikwa na ngozi yake kama watu walio chini ya bati wakati wa mvua. Dawa nyingi hupita juu yao. Nyigu, ambao hutembea juu ya jani wakitafuta, ndio wanaolowa na kufa. Baada ya majuma machache viwavi waliosalia huwa nondo, hutaga mayai, na safari hii hakuna wa kuwazuia. Mkulima huona mabaka mengi kuliko kwanza, naye hurudia bomba. Wazee walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Basi tusiwaue nyigu na viwavi wangalipo.

Jambo hili si la kubuni. Katika miaka ya 1960 mashamba ya kahawa ya Kenya yalipatwa na kiwavi mwingine, mkubwa, atembeaye kwa kujikunja kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri. Yeye ni mtoto wa nondo aitwaye Ascotis selenaria. Kabla ya hapo hakuwa tishio kubwa. Lakini sumu ya parathion ilipotumiwa sana katika mibuni, ikawaua maadui zake, aliongezeka mno akala majani. Parathion ni sumu ya hatari hata kwa mtu mwenyewe, na baadaye ilipigwa marufuku katika nchi nyingi. Somo lake lakini halijapitwa na wakati: dawa iliyotumiwa bila kumjua mdudu yaweza kumzaa mdudu wa pili.

Hatusemi kwamba mkulima asitumie dawa kamwe. Iko miaka ambayo nondo huzidi nguvu za nyigu, na shamba likiachwa hivi hivi litapukutika. Twasema tu kwamba kazi ifuatwe kwa taratibu. Kwanza, kila juma tikisa miti michache katika pande mbalimbali za shamba, uhesabu nondo weupe warukao, ukaandike hesabu hiyo katika daftari pamoja na tarehe. Hesabu ya juma moja haikwambii mengi. Hesabu ya miezi mitatu itakuonyesha kama nondo waongezeka au wapungua. Pili, kunja majani yenye mabaka utazame kama viwavi wangali hai, au kama wamekauka na kuliwa. Baka kuukuu lisilo na kiwavi ni kovu, na kovu halitibiwi. Tatu, ukiona hesabu yapanda, mwendee Bwana Shamba au Bibi Shamba na daftari lako mkononi, upate shauri la dawa iliyo halali kwa wakati huo na kipimo chake.

Na ukitaka kumjua nondo wako kwa hakika, fanya hivi. Chuma majani yenye vifuko vyeupe vya mfano wa H, uyatie katika chupa safi ya mdomo mpana, ufunike kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa uzi, uiweke kivulini. Katika majuma mawili hivi watatoka nondo, na pengine nyigu pia. Wote wawili ni habari njema kwa mtafutaji. Usiwashike kwa vidole, maana unga wa mabawa yao hutoka kwa kuguswa, na mapambo ya nchani hupotea pamoja nao. Kisha andika karatasi ndogo: jina la mahali, tarehe, kama mti ulikuwa juani au kivulini, na jinsi mayai yalivyopangwa. Upeleke vyote kwa wataalamu wa kahawa wa Ruiru.

Msiidharau karatasi hiyo ndogo. Ramani zote tulizozitaja, za Angola na Ethiopia na Kongo, zimetokana na vikaratasi kama hivyo, vilivyochomwa kwa pini chini ya mdudu mkavu. Nondo asiye na karatasi ni takataka nzuri tu. Nondo mwenye karatasi iliyoandikwa "Murera," pamoja na tarehe, ni shahidi. Na kwa upande wetu huu ushahidi wahitajiwa upesi. Kila apitaye njia kuu ya Thika aona jinsi mashamba ya mibuni yanavyokatwa viwanja, na nyumba zinavyosimama mahali palipokuwa na safu za miti. Mibuni ikiondoka, nondo wake na nyigu wake huondoka pamoja nayo, wala hatutaweza tena kuuliza ni nani aliyekuwa akiishi hapo na kwa wingi gani. Wale waliobaki na mashamba yao, hata yakiwa ya miti mia mbili tu, ndio walio na jibu mikononi mwao.

Basi wasomaji wetu, mkikutana na baka la kahawia asubuhi katika shamba, msikimbilie bomba. Likunjeni jani, mtazame ndani. Ligeuzeni, mtazame chini. Tafuteni mayai, mjue kama yametawanyika au yamepangwa safu. Kazi hiyo yachukua dakika chache, wala haina gharama, nayo yaweza kuwaokoeni bei ya dawa nzima na kuhifadhi jeshi la nyigu msilolilipa. Juma lijalo, tukijaliwa, tutatazama kutu ya majani, ambayo wengi huichanganya na kazi ya nondo huyu. Hadi hapo, kwa herini.